Beamer ilinimezea vichwa vya slaidi

Nianze na hasira. Sifa zitafuata, kama zitapatikana.

Majuzi nilikuwa na slaidi arobaini na kitu za kutetea tasnifu, zote nimeziandika kwa LaTeX, mfumo wa kuandika hati kwa amri badala ya kubofya, na Beamer, kifaa chake cha slaidi. Ile bluu inayokuja nayo nimeichoka. Kila mtu anaivaa kama sare. Mimi nilitaka damu ya mzee, basi, rangi moja tu.

Nikaita xcolor, kifurushi cha rangi, kwa amri ya usepackage na chaguo la dvipsnames, orodha ya majina ya rangi, ili nipate Maroon, yaani damu ya mzee. Nikatemewa Option clash, yaani chaguo zinagongana. Kumbe Beamer huwa imeshaipakia xcolor yenyewe, na chaguo hilo lilipaswa kukaa juu kabisa kwenye documentclass, mstari wa kwanza wa faili. Sawa, hilo nililimeza.

Kisha amri ya setbeamercolor: structure, rangi kuu ya slaidi, fg yake (rangi ya maandishi) iwe Maroon. Mstari mmoja! Vichwa vya slaidi, vitone vya orodha, namba, vyote vikageuka papo hapo. Nilicheka peke yangu. Ndipo tamaa ikaniingia: kwa nini kichwa kisiwe na ukanda nyuma yake? Nikaenda frametitle, yaani kichwa cha slaidi, nikaweka bg=Maroon (bg ni rangi ya nyuma), nikafungua PDF.

Vichwa havipo. Ukanda upo, mzuri, umenyooka, mtupu. Slaidi zote!

Nilikesha nao. Hakuna kosa, hakuna onyo, logi safi kabisa. Nikafuta faili zote za ziada na kuanza upya. Wapi. Nikamuuliza mjuzi mmoja, jibu lake maneno mawili: "Soma mwongozo." Mwongozo wenyewe una kurasa zaidi ya 200, na mimi natetea kesho! Mwishowe, kwa uchovu tu, nikaburuta kipanya juu ya ukanda kama ninayetaka kunakili. Herufi zikajitokeza. Kichwa kilikuwepo muda wote, damu ya mzee juu ya damu ya mzee.

Frametitle haina rangi yake ya maandishi. Inarithi kwa titlelike, rangi ya vichwa vya kila aina, na titlelike inarithi kwa structure. Ukiipa bg peke yake, fg inabaki ile ya urithi. Babu kamwachia mjukuu rangi, na mimi sikuitwa kwenye kikao. Dawa? Kuongeza fg=white, maandishi meupe. Usiku mzima kwa ajili ya hiyo.

Na nikiwa bado na moto: nani aliyezipa seti za rangi majina ya wanyama? Ukitaka manjano, umtafute crane. Ukitaka kijivu, seagull. Anayetafuta manjano atajuaje kwamba amuulize korongo?

Ningeishia hapo na nyota moja. Tatizo ni kwamba nilipotulia niliandika ukanda upya: use=structure, kisha bg=structure.fg, ili ufuate structure popote iendako. Juzi mwenzangu kaomba slaidi zilezile kwa kijani. Nikabadilisha neno moja. Zote zikageuka, ukanda na vitone, na vichwa vyeupe vinasomeka. Yeye kwenye programu yake ya kubofya alikuwa bado anapaka slaidi ya sita kwa mkono.

Kwa hiyo nne. Hapana, tatu. Mpaka leo, kabla ya kutuma PDF yoyote, naburuta kipanya juu ya kila ukanda kuhakikisha.