Laina ya kupuliza, PPF au seramiki? Nilivyoilinda Hilux mpya kabla ya mzigo wa kwanza

Hamjambo wapendwa, karibuni tena. Leo niko uani, nyuma ya duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, na hiyo mnayoiona ni Hilux dabo kebini, nyeupe, viti bado vina nailoni. Haijabeba hata mfuko mmoja wa saruji. Nimeizuia makusudi, na wateja wangu wamenivumilia, kwa sababu nataka bodi, yaani ile sehemu ya nyuma ya kubebea mzigo, na rangi vilindwe kwanza ndipo ianze kazi.

Kabla sijasema lolote juu ya hii mpya, njooni huku tuitazame ile ya zamani. Sogeza kamera hapa, karibu kabisa. Hii pikapu ndiyo niliyoanzia biashara, na siku niliyoinunua niliiwekea laina ya plastiki, lile beseni jeusi linalolala ndani ya bodi. Kwa miaka sita sikuwahi kulitoa, nilijua nimeshamaliza. Mwaka jana vijana wakalinyanyua. Tazameni sakafu. Hizi alama zilizonyooka ni pale mifereji ya plastiki ilipokuwa inagusa bati. Mchanga uliingia chini, gari likitikisika plastiki inausugua mchanga kwenye rangi, basi kila safari ilikuwa inapiga msasa bila mimi kujua. Rangi ikaisha, maji ya mvua yakatuama humo humo, na hewa yetu ya bahari ikamalizia. Na hapa pembeni, palipotobolewa matundu ya skrubu za kulishikilia lile beseni, nikisukuma kidole, mnaona? Kinapita hadi nje.

Sisemi plastiki haifai kwa kila mtu. Bei yake ni nafuu, na inakinga vizuri dhidi ya kitu kizito kinachoangushwa, maana ni nene. Ukiwa nayo, itoe kila baada ya miezi michache, osha chini yake, acha pakauke, rudisha. Usikubali itobolewe na skrubu. Ila mizigo inateleza juu yake kama iko kwenye sabuni, na kwa mtu anayebeba mitungi ya gesi au ndoo za rangi hilo ni tatizo la kila siku.

Sasa hii mpya nimeipuliza. Laina ya kupuliza ni dawa ya sehemu mbili, utomvu na hadina, yaani dawa ya kuugandisha, ambazo zikikutana zinageuka ngozi ngumu kama mpira iliyoganda moja kwa moja kwenye bati. Haina uwazi chini yake, kwa hiyo maji na mchanga havina pa kuingilia. Ziko za aina mbili kubwa. Kuna zile za mashine, kama Line-X na Rhino Linings za Marekani, ambapo kwa mitambo ya shinikizo kubwa dawa inapashwa moto, inachanganyika kwenye ncha ya bunduki na kushika ndani ya sekunde chache. Sakafuni hufika kama milimita 3. Ndugu mlioko Marekani hizo mnazo kila mji, na kwenu kwenye chumvi ya barabarani wakati wa baridi ningewaambia msisite.

Halafu kuna za chupa, na inayojulikana zaidi ni Raptor ya U-POL, kampuni ya Uingereza ambayo tangu 2021 iko chini ya Axalta. Boksi lina chupa 4 za Raptor na lita 1 ya hadina. Unachanganya tatu kwa moja ndani ya chupa yenyewe, unatikisa, unafunga kwenye bunduki yake, na kompresa ya kawaida ya gereji inatosha. Hii ndiyo niliyotumia. Ni nyembamba kuliko ya mashine, tena kwa mbali, na lazima mlijue hilo. Jiwe kubwa likiangushwa bati litabonyea tu. Ila inazuia mikwaruzo na kutu, na ikichubuka fundi wako anapiga msasa pale pale na kupuliza kiraka.

Hapa kwenye meza ndipo nataka mkae na mimi kidogo, kwa sababu watu wengi hugombana juu ya jina la dawa na kusahau kilichomo chini yake. Nina vipande viwili vya bati, vyote vilikuwa na rangi inayong'aa, vyote vimepulizwa kutoka chupa moja, siku moja, na fundi mmoja. Hiki cha kushoto tulikiosha kwa sabuni tu. Hiki cha kulia tulikiosha kwa sabuni, tukakipiga msasa namba 180 mpaka mng'ao wote ukafa, tukapuliza vumbi, tukafuta kwa thina na kitambaa safi. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Sasa nachukua hii nondo ya milimita 16, nausugua mdomo wake juu ya kile cha kulia. Nakandamiza kwa nguvu. Umebaki mstari wa kijivu, nikipitisha ukucha haunasi popote. Hiki cha kushoto... sikilizeni huo mlio. Imenyanyuka. Nashika ncha kwa vidole, navuta, na inatoka yote kwa mkupuo mmoja kama ganda la yai la kuchemsha. Chini yake rangi bado inang'aa, kwa sababu dawa haikupata pa kushika.

Dawa ni ile ile, wapendwa. Kwa hiyo ukienda gereji, uliza wataandaaje bodi kabla ya kuuliza bei. Kaa uone msasa unafika kwenye pembe, kwenye mifereji, kwenye mabega ya tairi na ndani ya mlango wa nyuma. Huko ndiko mikono huchoka, na huko ndiko laina huanza kubanduka. Sabuni itangulie msasa, kwani ukisugua bodi yenye nta au mafuta unayaingiza ndani ya mikwaruzo. Palipotoka rangi hadi bati tupu panahitaji praima. Na kama kuna kutu, iondolewe yote, maana kutu iliyofunikwa inaendelea kula huko huko gizani. Ndiyo sababu nawasihi mfanye gari likiwa jipya. Rangi ya kiwandani imeokwa kwenye tanuri, imeshakauka, haina haja ya kusubiriwa.

Kuna jambo linaniuma. Hadina ya hizi dawa ina kemikali iitwayo isosayaneti, na ukungu wake ukivutwa unaweza kumpa mtu pumu ya maisha. Mtu akishapata mzio huo, hata harufu kidogo siku nyingine inamfunga kifua. Nimeona vijana wanafunzi wa gereji wanapuliza wakiwa wamejifunga fulana puani. Fulana haizuii, barakoa ya vumbi haizuii. Inatakiwa barakoa inayopelekewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya ukungu, pamoja na miwani, glavu na ovaroli. Fundi wangu alikuwa nayo, na nilikubali kulipa zaidi kwa sababu hiyo. Kama gereji haina, peleka gari kwingine, na uwaambie kwa nini.

Jambo jingine ambalo sikulijua mpaka nilipoambiwa na fundi. Aliniuliza, "Dada, unabeba nini hasa?" Nikamwambia saruji na nondo. Akasema, "Basi tusipige chembe kubwa." Akaniwekea kiganja kwenye gari la mteja mwingine lenye chembe kubwa, likakwaruza kama tupa. Mfuko wa saruji wa karatasi, kilo 50, ukiuburuta pale unapasuka. Chembe hizo anazipanga kwa shinikizo la upepo na umbali wa bunduki, kwa hiyo mwambie mapema. Yangu ni laini, pitisheni macho hapa, inafanana na ganda la chungwa. Mifuko inateleza ukiivuta, lakini ndoo haikimbii kwenye kona. Nitatandika pia mkeka wa mpira siku za saruji.

Nyeusi inayotokana na dawa za bei ya chini hupauka juani ikawa ya kijivu chenye unga. Kama gari lako linalala nje kama langu, omba dawa yenye kinga ya mionzi ya jua, au tabaka la juu lenye kinga hiyo.

Tuje mbele, kwenye rangi. Mimi hupita Segera kwenda Chalinze mara kwa mara, na mnaijua ile barabara, malori na mabasi mchana na usiku. Kokoto moja ikitupwa na tairi la lori inafika kwenye boneti kama risasi. Watu wananiambia, "Piga seramiki, imetosha." Hiyo ni dawa ya majimaji inayopakwa juu ya rangi ikaganda. Haitoshi. Unywele wa binadamu una unene wa kama mikroni 70, na mikroni elfu moja ndiyo milimita moja. Seramiki ikikauka ni mikroni moja au mbili. Inafanya maji na matope yateleze, inarahisisha kuosha, inatunza mng'ao, na kwa hayo naipenda. Kuzuia jiwe haiwezi. Yeyote anayewauzia seramiki kwa ahadi ya kokoto, mwacheni.

Kinachopunguza makali ya kokoto ni PPF, filamu ya plastiki ya poliyurethani inayobandikwa juu ya rangi, unene wake ukikaribia mikroni 200 kwa zile nzuri. Inanyumbulika, inameza pigo. Mikwaruzo midogo ya kitambaa inajifuta yenyewe juani au ukimwagia maji ya moto. Mkwaruzo uliokata filamu haujifuti. Gari zima ni fedha nyingi sana, na kwa gari la kazi sioni sababu. Nimeweka mdomo wa boneti, bampa ya mbele, migongo ya sait mira, vikombe nyuma ya vitasa ambako kucha zinakwaruza, na hapa, tazameni, mbele ya tairi la nyuma, ambapo tairi la mbele hurusha changarawe. Basi. Boneti iliyobaki na paa nimepaka seramiki.

Anzeni na bodi, filamu ije baadaye, ili ukungu wa kupuliza usiangukie juu ya filamu. Fundi wa filamu alifanya ndani ya stoo, milango imefungwa, sakafu imemwagiwa maji kushusha vumbi. Hata hivyo kuna chembe moja hapa kwenye bampa, kama punje ya ulezi. Nimeikubali. Zingekuwa kumi ningemrudisha. Na kama gari lenu lilipigwa rangi upya gereji, rangi hiyo isubiri kama mwezi kabla ya filamu, kwa sababu bado inatoa hewa na filamu itafanya mapovu.

Siku ya kuchukua gari usisaini ukiwa umesimama mlangoni. Panda ndani ya bodi. Pitisha ukucha kwenye kingo zote palipoishia selotepu ya kuzuilia dawa. Ukinasa, fundi aongeze dawa pale. Tafuta matundu ya kutolea maji kwenye pembe, mimina chupa ya maji uone yanatoka. Langu moja lilikuwa limezibwa na dawa, likafunguliwa nikiwepo. Angalia vichwa vya bolti na ndoano za kufungia mikanda visiwe vimemezwa. Funga mlango wa nyuma mara tatu, usikie kama unakaza, kwa sababu unene ulioongezeka unaweza kuugusa.

Halafu usipakie. Unaweza kuliendesha, lakini mzigo mzito usubiri wiki nzima dawa ikomae. Langu leo ni siku ya nne. Lilipulizwa Jumatatu, na Jumatatu ijayo asubuhi ndipo saruji inapanda.