Kiti ya moto (pikipiki) niliyokatisha Birere, hapa Goma, na amortisa (shokapu) niliyojutia: uzoefu wangu mimi wa 1m51

Kwanza vipimo, juu (sababu) bila vipimo mutu mufupi anadanganywa na kila mutu. Mimi niko na 1m51. Kutoka kati ya miguu mpaka chini ni sentimeta 68, nilipimisha kwa fundi nguo na meta yake, akaniuliza ni suruali ya nani, nikamwambia suruali ya moto. Kiti ya moto yenyewe, ile 125 ya Kihindi sawa zile mamotari (bodaboda) wengi wa Goma wanatumikisha, ilikuwa sentimeta 79 kabla mutu hajaikalia. Ukikaa inashuka kidogo, lakini mguu haushuki moja kwa moja juu kiti ni mupana, lazima upanuke kwanza ndipo ushuke. Basi kwa mwaka muzima nilikuwa nagusa chini na kidole kimoja sawa mutu anapima kama maji ni ya baridi. (Wale wako wanasoma wakiwa Dar ao Mombasa: huku kwetu moto ni pikipiki. Nikisema moto iliniangukia musiite zimamoto.)

Moto nilinunua 2020 juu ya kazi, napelekaka dawa ku mafarmasi madogo madogo, Majengo, Ndosho, mpaka Mugunga kule. Kuendesha haikuwa shida hata siku moja. Ikishatembea, moto haijui kama uko mufupi. Shida ni kusimama. Na Goma si muji ya kusimama fasi yoyote, nyinyi munaijua, ukiacha lami tu uko juu ya mawe ya volkano, ingine ni ile ilishuka Januari 2002 na watu wakajenga juu yake, iko na meno, iko na mashimo, fasi moja iko juu na sentimeta kumi pembeni hakuna kitu. Mutu wa miguu mirefu anasimama fasi anataka, mimi nasimama fasi jiwe imenikubali. Nilikuwa najua mawe ya muji sawa vile mwingine anajua watu wa quartier (mtaa) yake: pale mbele ya farmasi fulani iko jiwe muzuri ya mguu ya kushoto, pale ku kona ya Katindo hakuna, endelea mbele.

Kilichonifanya nitoe pesa ni tarehe 27 Mei 2021. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka siku ya posho (Jumamosi) 22, kisha ikabaki matetemeko tu usiku na mchana, halafu ile Alhamisi asubuhi mapema gavana akatangaza quartier kumi zihame, na Majengo ilikuwa ndani. Wengine wakaenda Gisenyi, Rwanda, wengine wakapanda bwato ya Bukavu, sisi tukachukua njia ya Sake. Ni kama kilomita 25 hivi. Mama yangu nyuma na godoro imekunjwa mgongoni, mbele yangu mufuko ya unga, na njia yote imejaa magari, moto, chukudu (skuta kubwa za mbao za kubeba mizigo), watu kwa miguu, mbuzi. Unatembea meta tano, unasimama, meta tatu, unasimama. Tulianguka mara tatu na hatukuanguka hata mara moja na vitesi (mbio), zote tatu tulikuwa tumesimama kabisa. Mguu inaenda kutafuta udongo, haikuti, na kutoka pale moto ikishapita kiasi fulani ya kuinama hakuna nguvu ya kuishika, si mimi si baunsa, ni zaidi ya kilo mia moja na mama juu yake. Mara ya tatu mama akakaa chini pembeni ya njia na godoro yake akaniambia, mwanangu, hii moto ilikuwa ya kaka yako mwenye sikuzaa.

Tukarudi nyumbani siku chache kisha, nyumba iko, na wiki hiyo hiyo nikaenda Birere.

Sasa kiti. Kuna fundi wa viti pale anafanyaka kazi ya mamotari, kawaida wanamuletea kiti wanataka aongeze sponji juu abiria wakae muzuri, mimi nilikuwa wa kwanza kumwambia apunguze, akaniangalia sawa mutu anaomba apunguziwe mushahara. Anatoa mabulo mawili, anang'oa agrafu (pini) na turnavisi (bisibisi), anafunua ngozi, halafu anachora na chaki na anakata sponji na kipande ya msumeno ya chuma, polepole, kisha anasugua na papye ya kusugulia mbao mpaka iko laini. Yeye alitaka kukata juu tu. Hapo njo nilibishana naye na ni pale ningependa mubishane pia kama mutaenda: musikubali akate juu peke yake. Mwambie akate PEMBENI, kule mbele karibu na reservwari (tanki ya mafuta) fasi mapaja yanapita, aifanye nyembamba sawa kiti ya baiskeli. Juu alinikatia sentimeta tatu na nusu, lakini zile za pembeni ndizo zilinipatia miguu, juu mapaja yalianza kushuka wima. Siku hiyo hiyo nilisimama na vidole vya miguu yote miwili chini, na nikisogeza tako upande ya kushoto kidogo mguu moja inalala karibu yote. Nilishuka, nikapanda tena, nikashuka, fundi akafikiri imeharibika.

Dola 8. Lakini ngoja. Sponji alibakisha ilikuwa ile laini, na kisha mwezi moja ikalala kabisa, nikawa nakalia plastiki ya chini, kutoka depo mpaka Mugunga nafika nimekufa matako. Na mvua. Ngozi akiishaishona upya ile mishono inaingiza maji, sponji inakunywa, unakuta kiti inaonekana kavu sababu umeipangusa, unakaa, maji yanapanda yote ndani ya suruali, na uko unaenda kuongea na mukubwa wa farmasi. Nikarudi. Mara ya pili akaweka sponji ngumu ya kiti ya gari ya zamani, na kabla ya ngozi akafunika yote na sashe nene ya plastiki, dola 15. Hiyo iko mpaka leo. Kama unaenda anza moja kwa moja na hiyo ya pili, uliza sponji ya gari, na uliza sashe, asipoulizwa haweki.

Amortisa, hapo nilitupa pesa. Garajisti moja (simtaji) aliniambia kiti ni mambo ya watoto, dawa ya kweli ni kuweka amortisa fupi za nyuma za moto ingine, moto yote ishuke. Na ni kweli ilishuka, kama sentimeta tatu, siku ya kwanza nilifurahi sana, miguu yote chini sawa nyumbani. Halafu nikaanza kusikia vyuma. Kila jiwe ya Goma sasa inagonga chini, inagonga bekiyi (stendi), inagonga eshapma (bomba ya moshi), na nikibeba mutu nyuma tairi inasugua gardebu (madigadi). Lakini kitu sikufikiria, na yeye hakuniambia, ni hii: moto ikishuka, bekiyi ya pembeni inabaki na urefu yake ile ile. Kwa hiyo moto haiinami tena upande ya kushoto kupumzika juu ya bekiyi, inasimama wima sawa askari, na kitu kidogo tu inaitupa upande ya kuume.

Niliisimamisha quartier Virunga mbele ya duka, nikaingia kulipa, nasikia kelele. Ni loli tu ilipita ikatikisa udongo. Moto ikalala upande ya kuume, na upande ya kuume alikuwa mama wa mayai. Yeye mwenyewe hakuguswa, Mungu ni mwema, lakini trei ilikuwa chini ya gidoni (usukani). Nilihesabu naye moja moja, akitoa maganda na vidole: mayai 17 yalipasuka, 3 yalikuwa na ufa akasema atayala yeye, na nilipe yote 20. Nililipa. Levye (mukono) ya freni pia ikavunjika. Garajisti nilipomrudia akasema basi tunakata bekiyi na kuisude (kuichomelea) upya, dola ingine, nikamwambia hapana papa, nirudishie amortisa zangu. Kama mutu anataka kushusha moto huku lazima ajue kwamba ni kushusha na kukata bekiyi pamoja, si moja bila ingine, na hata hivyo kwa njia zetu mimi sikushauri, ile nafasi chini ya moto tunaihitaji.

Viatu: nusu nusu. Fundi viatu aliongeza soli ya tairi ya gari ku bote zangu, kama sentimeta mbili. Zinasaidia na hazitelezi juu ya jiwe ikiwa na maji. Lakini ni nzito na mguu hausikii freni ya nyuma tena, wiki ya kwanza nilikuwa nafunga tairi ya nyuma bila kutaka. Utazoea. Dada yangu anasema natembea sawa mutu ako anapanda ngazi.

Sasa jaribio ya kweli. Machi 2022 tulikuwa tumepanga wanawake wenye kuendesha tufanye karavani (musafara) kwa ajili ya tarehe 8, siku ya wanawake, juu ya kazi za watu tukaipeleka Jumapili 13. Moto kumi na moja, Goma mpaka Sake na kurudi, vitenge, bendera, honi, fujo yote. Njia ile ile ya 2021. Na mimi nilifikiri kutembea kwa kundi ni raha tu, kumbe ndiyo mtihani mugumu kupita yote, juu karavani inaenda polepole na polepole njo adui yetu sisi wafupi. Mbaya zaidi nilikuwa nyuma. Wa mbele akipunguza kidogo, wa katikati anashika freni, wa nyuma anasimama kabisa. Halafu wa mbele anaenda na wa nyuma anakimbizana. Yaani wale wa mbele walisimama labda mara tatu mpaka Mugunga, mimi nilisimama mara ishirini, na kila mara wenzangu ndio wamechagua fasi ya kusimama, si mimi.

Mugunga ikatokea. Chukudu imejaa makala ilikuwa imekatika pembeni, wote wakashika freni, na mimi nikasimama fasi lami imevunjika upande ya kuume. Nikatoa mguu ya kuume. Kosa. Mguu ya kuume inabaki ku freni siku zote, ni ya kushoto inashuka, hiyo ninajua hata nikiwa nalala, lakini aliyekuwa nyuma yangu alipiga honi nikashtuka. Mguu ikashuka, ikashuka, ikashuka. Tukalala.

Wote wakakimbia kuja, na hapo niseme kitu: mutu akianguka msikimbilie kushika moto kila mutu na fasi yake. Moja alivuta kliniota (indiketa) ikabaki mukononi mwake. Nikawaambia muache. Nilifunga mafuta kwanza, ilikuwa inatiririka ku karbirata. Ilianguka upande ya kuume, kwa hiyo nilifungua bekiyi kabla ya kuinua ili isiende kuanguka upande ya pili. Nikaweka premye (gia ya kwanza) isiteleze. Halafu nikageuka, nikaipatia mgongo, nikachuchumaa matako juu ya kiti, mukono moja ku gidoni imekunjwa mpaka mwisho, mwingine ku chuma ya nyuma, na nikatembea kinyumenyume hatua ndogo ndogo na mapaja, si na mgongo. Ikapanda. 1m51! Muzee wa chukudu alipiga makofi. Levye ya freni haikuvunjika kwa sababu kisha mambo ya mayai nilikuwa nimelegeza kidogo ile bulo inaishika ku gidoni, ikigongwa inazunguka tu, unairudisha na mukono unaendelea. Hiyo ni bure, fanyeni leo.

Kutoka pale wakaniweka wa pili, nyuma tu ya anayeongoza, na yaya (dada mukubwa) mwenye kuongoza akakubali kwamba akitaka kusimama anyooshe mukono mapema na achague fasi sawa, si ku mashimo. Mpaka Sake na kurudi sikuanguka tena. Mvua ikatupata Mubambiro, karibu na Sake, kiti haikunywa maji.

Sasa nikipewa kutoa alama: kiti ya mara ya pili 9 kwa 10, ile alama moja nakata sababu bado ni ngumu ukizidisha saa moja. Viatu 6. Amortisa sitoi alama, natoa bei ya mayai. Kuhusu fundi wa kiti, alichora umbo ya kiti yangu ku kartoni akaiandika MAMA MUFUPI na bik nyekundu, iko imetundikwa pale ndani, na wanawake watatu wa ile karavani walishaenda wakakata nayo. Lakini mubebe meta yenu na mukalie kiti mbele yake kabla hajarudisha agrafu, juu yeye anakadiria na macho, na yeye mwenyewe ako karibu 1m80.