Kiuno kinauma: sindano za Kichina au chuku?

Mkulima wa zabibu wa Hombolo na dereva wa bodaboda wa mjini Dodoma huja na lalamiko lilelile: kiuno.

Sindano za Kichina, yaani akyupancha, ni nyembamba, takriban milimita 0.25, na hazina dawa ndani. Kiunoni huingia sentimita 2 au 3, huachwa dakika 20 hadi 30. Uzito au ganzi ni kawaida. Mshtuko kama wa umeme huenda ni neva imeguswa, sema papo hapo. Sindano ya kifuani ikizidi kina inaweza kutoboa pafu, ingawa ni nadra. Wanaozirai wengi wamekuja na njaa: kula kidogo kabla, utibiwe umelala.

Chuku ya damu, yaani hijama, huchukua muda mfupi. Kikombe huvuta ngozi dakika 3 hadi 5, ngozi huchanjwa juu juu, kikombe hurudishwa kivute damu. Alama hukaa hata wiki mbili. Mjamzito, mwenye upungufu wa damu au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda aiache.

Kwa maumivu sugu tungeanza na sindano. Ushahidi wake ni bora, japo nafuu ni ya wastani. Ila zinahitaji kurudiwa mara 6 hadi 10, kwa hiyo anayetoka Kongwa ahesabu nauli.

Kote kuwili, sindano au wembe ufunguliwe mbele yako: homa ya ini na VVU hupitia hapo. Dai cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Miguu ikilegea au mkojo ukikushinda, nenda hospitali siku hiyohiyo.