Maktaba Iliyokarabatiwa: Nimeipima kwa Tepu Yangu ya Kushonea

Mimi ni fundi cherehani. Macho yaliniaga polepole nikiwa na miaka 30 na ushei, lakini mikono haikuacha kazi. Tepu yangu nimeitia vifundo vya uzi kila sentimita 5, na kila ikifika 50 nimetia vifundo viwili, hivyo napima kiuno cha mteja bila kumwomba mtu anisomee namba. Tepu hiyo haitoki mfukoni mwangu. Ndiyo maana tangazo la maktaba ya umma kufunguliwa upya liliposema kwamba sasa maktaba "ni ya watu wote", sikubishana na mtu. Nilienda kupima.

Nimekwenda mara nne: mara mbili peke yangu na fimbo yangu nyeupe, mara mbili na shoga yangu anayetumia kiti mwendo. Jina la maktaba sitalitaja, kwa sababu wapo watu mle ndani wanaojitahidi na sitaki wasutwe kwa makosa ya waliowatangulia.

Mlangoni wamefanya kazi, tena kazi safi. Kuanzia kituo cha basi kuna vigae vya kuongoza miguu, vile alivyobuni Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965 na kutandikwa kwa mara ya kwanza kwenye barabara ya Okayama mwaka 1967. Lugha yake ni fupi: michirizi mirefu maana yake endelea, nundu maana yake simama. Nimeshakanyaga vigae vya namna hiyo vinavyomwongoza mtu moja kwa moja hadi kwenye nguzo ya umeme, nguo ikachanika na paji la uso likavimba. Hapa vinaishia mlangoni, na nundu zimewekwa hatua moja kabla ya kizingiti. Nani aliwasimamia mafundi sijui, ila alijua anachofanya.

Pembeni ya ngazi kuna njia ya mteremko. Kipimo kinachotumika sana ni sentimita 12 za kwenda mbele kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Ngazi zina kimo cha sentimita 45, kwa hiyo mteremko ulitakiwa usipungue mita 5 na sentimita 40. Nilitambaa na tepu yangu huku mlinzi akiniuliza nimeangusha nini. Nikapata mita 5 na 60. Vishikio viko pande zote mbili. Mlango wenyewe una upana wa sentimita 92. Shoga yangu alipita bila kukwaruza kiwiko, jambo ambalo kwake ni sawa na kuandaliwa zulia.

Choo nacho kina nafasi. Tepu ya fundi ina urefu wa sentimita 150, na duara la upana huo ndilo kiti mwendo kinalolihitaji kugeuka, kwa hiyo kupima choo kwangu ni rahisi: naitandaza tepu huku, kisha huku. Ingetosha, lau si ndoo tatu, mafagio na viti vibovu viwili vilivyorundikwa humo. Ziara ya pili vilikuwa palepale, na zaidi ya hapo mlango ulifungwa kwa ufunguo alioondoka nao mfanya usafi. Shoga yangu alisema, "Wamenijengea choo, halafu wakampa fagio." Tukacheka, lakini alilazimika kurudi nyumbani mapema siku ile, na anayejua safari ya mtu wa kiti mwendo anajua gharama ya kurudi mapema.

Mapokezi ndiko kulikonichekesha zaidi. Dawati lao ni refu, linafika kifuani. Kijana aliyekuwepo alianza vizuri, "Karibu dada," nikaitikia. Halafu akaiona fimbo. Kimya. Nikasikia kiti chake kikisogea, akainama juu ya dawati kutafuta mtu mwingine wa kuongea naye, akamkuta shoga yangu huko chini. "Huyu anataka kitabu gani?" Shoga yangu akamjibu, "Muulize mwenyewe, masikio yake mazima." Aliomba radhi na aliomba kwa dhati, nampa hilo. Lakini angekuwa na dawati lenye upande mmoja wa chini asingehitaji kuinama kama mtu anayechungulia kisima.

Basi tukaingia kwenye vitabu, na hapa ndipo sifa zangu zinapungua.

Chumba cha nukta nundu kiko ghorofa ya chini, jambo jema. Lifti haihitajiki. Kina rafu mbili. Nilipoingiza mkono nilikuta vitabu vimelazwa kimoja juu ya kingine hadi usawa wa kidevu, na juu yake maboksi. Yeyote aliyewahi kusoma kwa vidole ameshaguna hapo. Kitabu cha nukta nundu husimamishwa wima, tena bila kubanwa, kwa sababu nukta ni karatasi iliyotunishwa tu; ukiilalia inalala. Nilichukua kitabu cha chini kabisa na kurasa zake zilikuwa laini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Kuna mtu aliketi akachapa maneno yale, kuna mtu aliyahakiki kwa vidole, na sasa hayasomeki kwa sababu ya maboksi.

Halafu uteuzi wenyewe. Vitabu vya dini, vitabu vya afya, vitabu kuhusu haki za watu wenye ulemavu, na riwaya moja yenye juzuu nne ambayo juzuu yake ya tatu haipo. Haki zangu nazipenda. Lakini nani aliwaambia kwamba mtu asiyeona hasomi mapenzi, hasomi upelelezi, hasomi jinsi ya kufuga kuku? Louis Braille alijichoma jicho akiwa na miaka mitatu, kwa msharasi, yaani zana ya kutobolea ngozi, katika karakana ya baba yake aliyekuwa fundi wa matandiko ya farasi, na alipofika miaka mitano alikuwa haoni kabisa. Alipofika miaka 15, mwaka 1824, alikuwa ameshabuni nukta zake sita, na nukta hizo zilichomwa kwenye karatasi kwa kitu cha ncha kama msharasi uleule. Kama fundi nakipenda kisa hicho kupita kiasi, naomba mnisamehe. Ninachosema ni kwamba hakuhangaika vile ili tusome vipeperushi.

Kompyuta "ya wasioona" ipo moja. Ina NVDA, programu ya kusoma kioo kwa sauti, ambayo ni ya bure na ilianzishwa Australia mwaka 2006, kwa hiyo bei haiwezi kuwa kisingizio. Kasoro ni kwamba kompyuta inadai nywila kabla ya kufunguka, na programu imepangwa ianze kusema baada ya kufunguka. Yaani mlango una kengele, ila kengele iko sebuleni. Kuna mpangilio ndani ya NVDA wa kuifanya iseme tangu kwenye nywila. Ni kisanduku kimoja tu cha kutia tiki. Nilimwelekeza mkutubi siku ya pili. Siku ya tatu kilikuwa kimetiwa tiki. Nimeandika hili kwa wino wa furaha.

Katalogi ya mtandaoni ni habari nyingine. Nilipoifungua kwa simu nyumbani, sauti ilinisomea: picha, picha, picha, kitufe, picha. Majalada ya vitabu yamewekwa bila maelezo ya maandishi, na vitufe havina majina. Vitabu vyao vya kidijiti ni kurasa zilizopigwa picha na kufungwa pamoja. Kwa mwenye macho ni kitabu. Kwa simu yangu ni karatasi tupu 200, kwa kuwa hakuna aliyezipitisha kwenye programu ya kutambua maandishi.

Nilimuuliza msimamizi kwa nini. Akasema hakimiliki: hawaruhusiwi kubadilisha kitabu cha mtu. Nikamwambia kuna Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa tarehe 27 Juni 2013 na kuanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016, na kwamba katika nchi iliyojiunga, maktaba inaweza kumtengenezea msomaji asiyeona nakala anayoweza kuisoma bila kwenda kupiga magoti kwa mwenye hakimiliki, na hata kubadilishana nakala hizo na maktaba ya nchi nyingine. Alinyamaza kidogo. Akaomba nimtajie jina herufi kwa herufi, nikasikia kalamu ikiandika. Sijui kama aliandika kwa adabu au kwa nia. Tutaona.

Kuhusu viziwi sina ujuzi wa kutosha, ila niliuliza. Saa ya hadithi za watoto haina mkalimani wa lugha ya alama. Hilo tu.

Sasa nieleze kilichonirudisha mara ya nne, kwa sababu mpaka hapa msomaji anaweza kudhani nimenuna. Nikitaka kitabu ninachokijua, simu yangu mara nyingi inatosha. Maktaba naitafutia kitu kingine. Zamani nilipokuwa naona, nilikuwa nakwenda kwenye rafu bila mpango, nachomoa kitabu kwa sababu ya rangi ya mgongo wake, nasoma ukurasa mmoja, narudisha, nachomoa kingine. Nimeshabeba vitabu vibaya sana nyumbani kwa mtindo huo, nikavichukia kwa hiari yangu. Tangu macho yaondoke, kila kitabu kinachonifikia kimeshachaguliwa na mtu: huyu kanipendekezea, yule kanisomea, shirika fulani limeona kinanifaa. Mlango nimefunguliwa hadi sentimita 92, lakini rafuni siwezi kutangatanga.

Shoga yangu ana lake hapo. Kati ya rafu na rafu nilipima sentimita 74. Kiti chake kinaingia, hakigeuki. Akifika katikati ya historia, lazima arudi kinyumenyume hadi kwenye kilimo. Na rafu ya juu kabisa kwake ni kama dari.

Siku ya nne nilimkuta kijana wa kupanga vitabu. Hakuniuliza nataka kitabu gani. Aliuliza, "Nikusaidieje, dada?" Nikamwambia: chagua rafu yoyote, nisomee migongo ya vitabu, kimoja baada ya kingine, usiruke, usinichagulie. Alishangaa, kisha akaanza. Udongo na mbolea. Magonjwa ya mbuzi. Misitu. Kingine cha mbolea. Alisoma kama vitabu 40, na mahali fulani akaanza kuburudika, akawa anasema "hiki kinene" na "hiki hakijawahi kufunguliwa, vumbi tupu". Nilimsimamisha kwenye kitabu cha nyuki. Sifugi nyuki wala sina mpango. Nilikitaka kwa sababu alisema kina harufu ya nta, ingawa nahisi alinidanganya.

Wana mashine ya kuskani inayosoma kwa sauti, ilikuwa imefunikwa kitambaa kwenye kona. Tuliifunua. Sura ya kwanza ilichukua kama dakika 25, yeye akigeuza kurasa kwenye kioo, mimi nikisikiliza kama mashine imeruka mstari. Akaniwekea kwenye simu.

Nyota: mlango na mteremko tano kamili. Choo mbili, na zitakuwa nne siku fagio litakapohama. Nukta nundu moja, kwa ajili ya waliozichapa. Katalogi sifuri. Kijana wa rafu simpi nyota, nimempelekea suruali yake niliyoipunguza miguu bure, ingawa alilalamika kwamba nimezidisha. Ukienda, nenda siku ya katikati ya wiki asubuhi, uliza mashine iliyofunikwa kitambaa, na usikubali kuambiwa imeharibika kabla hawajaichomeka kwenye umeme.

Sura ya kwanza imeishia malkia ameshatoka kwenye kijumba chake lakini hajaruka bado. Jumanne naifuata ya pili.