Spika ni nzuri, ila stori ya "masaa 200 zifunguke" siikubali

Nimekaa na hizi spika wiki 3 ndo naandika. Ni zile za mbao za kuweka juu ya meza, jozi moja, koni (ile sahani ya mbele inayotikisika kutoa sauti) ya inchi 6 na nusu, nimezichukua Kariakoo kwa laki 6 na nusu, jina la duka naliacha. Kijana wao alikuja mpaka nyumbani akaunga waya kwenye ampu yangu ya zamani (ile mashine ya kukuza sauti), akajaribu dakika mbili hivi akaondoka.

Jioni naweka dansi la zamani, magitaa yako safi, waimbaji unawasikia kila mmoja na sauti yake, ila besi hamna, yani hamna kabisa, kama naskiliza kwenye simu. Nikapiga dukani, jibu likaja fasta: kaka, hizo mpya bado ngumu, zipige masaa 200 zifunguke, utakuja kunishukuru. Sasa piga hesabu. Mi naskiliza masaa mawili kwa siku, masaa 200 ni siku 100, na risiti yao imeandikwa mwisho wa kurudisha ni siku 7. Hapo ndo iliponiuma.

Kuna fundi redio huku kwetu Tandika namwamini sana, nikamweleza. Akaniambia chukua moja rudisha kwenye boksi lake usiiguse, hiyo nyingine iache ipige. Basi nikaiweka stoo, inapiga nikienda kazini na nikirudi, kama masaa 12 kwa siku, siku 5, jumla 60, bila kuiskiliza kabisa. Siku ya tano fundi akaja tukaiwasha sebuleni, na besi ipo! Nzito, imejaa. Nikasema basi kweli imefunguka, yule kijana nimemuonea. Fundi akasema subiri, toa ile ya kwenye boksi. Tukaiweka palepale, wimbo uleule, volyumu ileile, na yenyewe besi ipo vilevile! Haijapiga hata lisaa tangu itoke dukani. Nikageuka ukutani yeye akawa anabadilisha bila kuniambia ipi ni ipi, na sikuweza kuzitofautisha.

Tukarudisha zote mbili na waya kama yule kijana alivyounga, besi ikapotea tena. Fundi akachukua betri ya redio ya volti 1.5, akagusisha kwenye ncha za waya upande wa ampu, spika ya kwanza koni ikaruka mbele kidogo, ya pili ikarudi ndani. Nimeiona kwa macho yangu. Nyuma ya spika moja, waya nyekundu na nyeusi zimegeuzwa, kwa hiyo moja ikisukuma hewa mwenzake anaivuta na besi inafia katikati. Kugeuza haikufika dakika moja. Sasa fikiria ningesubiri hizo siku 100, maana masaa hata elfu moja hayageuzi waya.

Sisemi hakuna kinacholegea kabisa. Ule mpira wa pembeni na kile kitambaa chenye mikunjo nyuma ya koni vikiwa vipya vimekaza kidogo, ila sehemu kubwa inalegea dakika za mwanzo tu spika ikianza kupiga, na ikishafungwa kwenye boksi lake la mbao hewa ya ndani nayo inaibana koni kwahiyo tofauti inazidi kuwa ndogo. Ampu sawa, ipe dakika chache ipate moto. Lakini waya? Yule kijana alitaka kuniuzia na waya wa elfu 80 akasema nao unatakiwa uzoee mziki. Shaba ni shaba, haizoei kitu. Kinachozoea ni sikio lako, wiki ya kwanza sauti za juu zinakuchoma, wiki ya tatu huzisikii tena zikichoma unasema spika imetulia.

Spika zenyewe nazipa 4 kwa 5. Taarabu inatoka vizuri mno, vinanda na sauti ya mwimbaji havigombani, ila usizibane kwenye kona besi itavimba, mi nimeziacha futi moja na nusu toka ukutani. Duka nalipatia 1 kwa 5, na hiyo ni ya kuleta mzigo kwa wakati. Ukinunua kwao waambie waunge mbele yako, uskilize moja moja halafu zote pamoja, kabla kijana hajaondoka.