Lami Yangu, na Yule Aliyeniuliza Nani Alinituma Nipaki Juu Yake

Nilitaka kuandika haya kuhusu kontrakta aliyeniwekea lami, nimpe na nyota zake, wiki ile ile aliyonijibu vibaya kwa simu, binti yangu akanizuia. "Mama, lala kwanza," akaniambia. Nimelala. Nimelala mara nyingi tangu siku hiyo, na kila nikiamka hasira imeamka kabla yangu. Basi naandika.

Ninaishi upande wa Nyamasaria, ukitoka Kisumu mjini kuelekea Ahero. Wanaoujua udongo wa huku hawahitaji kuelezwa. Ni ule mweusi: kiangazi unapasuka nyufa za kumeza kandambili, masika unageuka gundi. Miaka yote niliyofundisha, mvua ikinyesha niliacha gari kwa jirani aliye kando ya barabara, nikaja nyumbani kwa miguu, viatu mkononi, madaftari ya watoto kifuani. Nilipostaafu na pesa zangu zikaingia, nikasema sitaki kochi jipya wala televisheni ya ukutani. Nataka lami. Kutoka getini hadi mlangoni, mita 18.

Kila mtu alinishauri niweke kabro, yale matofali ya saruji ya kupanga chini. "Mwalimu, kabro ikizama unaing'oa unapanga upya." Ushauri mzuri kabisa, na sikuufuata. Niliutaka ule weusi uliolala, usio na viungo. Hilo ni kosa langu na silisingizii mtu.

Huyu kontrakta simtaji jina. Anajijua, na pikapu yake inajijua. Siku ya kwanza alikuja na kofia ngumu ya manjano kukagua ua, utadhani maembe yangu yangemwangukia. Akapima kwa hatua. Nilimwuliza swali moja tu: na jua hili la Kisumu, lami haitalainika? Akacheka mpaka akashika geti.

"Mwalimu, mimi nimeweka lami Lodwar. Lodwar! Hapa kwenu ni friji."

Neno hilo moja ndilo lililonitoa laki mbili na nusu. Lodwar naijua. Shemeji yangu anafanya kazi huko, nimekwenda kumtembelea. Ni jangwa, nyuzi 35 mchana ni jambo la kawaida, na ukishika mlango wa gari saa nane unauachia upesi. Nikasema moyoni, aliyeweka lami pale ikakaa, kwangu ataiweka akisinzia.

Uchimbaji sitaufanya mrefu kwa sababu ulikuwa mzuri. Waliutoa udongo mweusi karibu nusu mita kwenda chini, wakajaza mawe, juu yake maramu, wakamwagia maji, wakashindilia mpaka vikombe vikalia kabatini. Katika kundi lile kulikuwa na mzee mmoja, ndiye wa kamba na ndiye wa reki, na mkono wake wa kushoto una kovu linalong'aa, la lami ya moto ya zamani. Mzee huyu alimwaga ndoo ya maji katikati ya maramu, akachuchumaa, akayatazama yanakokwenda. Yalipoelekea ukuta wangu akatikisa kichwa, akaparura kidogo, akamwaga ndoo nyingine. Alifanya hivyo mara nne, na hakuna aliyemtuma. Mpaka maji yakakubali kwenda mferejini.

Shida ilikuja na lori.

Niliambiwa saa mbili asubuhi. Lilifika saa saba na nusu mchana, eti gurudumu lilitoboka njiani, na mgongoni halikuwa hata na turubai. Mimi si injinia, lakini usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimempigia shemeji wa Lodwar, na alikuwa amenipa darasa. Huko kwao, akasema, mtu mwenye akili huweka lami alfajiri. Jua likishapanda, lami uliyoimwaga haipati nafasi ya kupoa: juu inachomwa, chini ardhi yenyewe ni moto, jioni bado ni laini kama ulivyoiacha. Lakini kabla ya kumwagwa, mambo ni kinyume, ndani ya lori usiiache ipoe. Inatoka mtamboni ikiwa kama nyuzi 150, inafunikwa turubai, na rola inatakiwa kumaliza kazi kabla haijashuka chini ya 80 na kitu. Ikishapita hapo unaikanyaga bure, haishikani.

"Ikifika bila moshi, irudishe," shemeji alisema.

Haikuwa na moshi. Ilikuwa na gamba. Juu imeganda, ndani bado ina uvuguvugu, na walipoanza kuishusha kwa wilbaro ikaanguka madonge madonge kama ugali uliolala. Kontrakta akaitazama, akatazama saa, akamwambia kijana, "Leta ile jerikeni."

Mafuta ya taa. Naapa. Jerikeni ya njano ya lita 20, wakawa wanamwagia madonge yale na kuyageuza kwa sepetu mpaka yakalegea. Harufu ikaingia hadi jikoni. Yule mzee alisimama, akaegemea reki, akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo itakaa teketeke, bwana." Akajibiwa, "Mzee, vuta reki."

Mimi nilikuwa barazani na trei ya chai yao mikononi. Sikusema neno. Miaka yote nimewafokea watoto wa darasa la nane kwa mambo madogo kuliko hayo, siku hiyo nikasimama na trei kama mgeni katika boma langu mwenyewe. Hilo bado linaniuma.

Magharibi walimaliza, na nisiwe mwongo, ilipendeza. Nyeusi, inang'aa, taa ya baraza inaonekana ndani yake. Majirani walikuja kuitazama kama gari jipya. Kontrakta akaniambia nikae siku mbili bila kuipita. Mimi nikakaa tatu.

Siku ya nne, saa nane mchana, kijana wa boda akaniletea gesi, ule mtungi wa kilo 13. Akaingia taratibu, akazima, akateremsha stendi, akaanza kufungua kamba za mpira. Na pikipiki ikaanza kuinama. Haikuanguka ghafla. Iliinama polepole, kwa adabu, kama mtu anayesalimia wakwe. Kijana akasema "Ai!" akaishika shingo, mtungi ukamponyoka, ukabingirika hadi kwenye sukumawiki zangu. Tulipoinua pikipiki, stendi ilitoka na uzi mweusi unaovutika.

Nilikwenda kuchukua penseli, mambo ya ualimu. Nikaichomeka katika lile shimo, ikaingia mpaka kwenye maandishi. Nikanusa kidole. Siku nne, na bado ni mafuta ya taa.

Baadaye shemeji alinieleza kitu ambacho kingenichekesha kama si fedha zangu. Wataalamu nao huipima lami kwa kuidunga. Wana sindano yenye uzito wa gramu 100, wanaiacha iizamie lami kwa sekunde 5, joto likiwa nyuzi 25, wanasoma imezama kiasi gani. Ndiyo maana lami huitwa 60/70 au 80/100, na namba ikiwa ndogo ndiyo lami ngumu. Mahali pa joto kali wanachagua ile ngumu, kisha hawaitii mafuta ya taa, maana mafuta ya taa huiyeyusha na namba zote zinakuwa hadithi. Basi sindano yangu mimi ilikuwa stendi ya boda.

Nikampigia kontrakta. Mara ya kwanza hakushika, ya pili hakushika, ya tatu ikakatwa. Ya nne akapokea. Nikamsalimia vizuri, nikamweleza vizuri, bila kupaza sauti. Na huyu mtu, aliyekunywa chai yangu siku sita na mandazi juu, akaniambia:

"Mathe, kwani nani alikutuma upaki juu yake?"

Ngojeni hapo kidogo. Isomeni tena. Nani alinituma nipaki juu yake. Lami! Ya kuingilia nyumbani! Nilitakiwa nipaki wapi, juu ya mwembe? Jibu hilo la mwembe lilinijia saa tano usiku nikiwa kitandani, kama kawaida ya majibu mazuri. Wakati ule nilichoweza kusema ni "Ehe?" tu. Akaendelea, "Lami inataka kuzoeshwa pole pole. Sasa niko kwenye mkutano." Akakata. Nyuma yake nilikuwa namsikia makanga wa matatu akiita watu wa Kondele.

Sina ugomvi na neno mathe. Yule kijana wa boda ananiita mathe na ninamwitikia. Lakini lina namna ya kusemwa. Kuna mathe ya kumpokea mtu mfuko, na kuna mathe ya kumfungia mtu mlango. Huyu alijua mimi ni nani. Siku ya kuchukua malipo ya kwanza nilikuwa Mwalimu. Siku ya malipo ya pili nilikuwa Mwalimu wetu. Fedha karibu zote zilipokwisha kuingia kwa M-Pesa yake ndipo nikawa mathe.

Wakaja, baada ya wiki mbili hivi na baada ya binti yangu kumpigia kwa sauti isiyo yangu. Kontrakta mwenyewe hakutokea. Vijana wawili na gunia za vumbi la kokoto, wakalinyunyiza juu ya lami kama mtu anayetia chumvi mbogani, wakapitisha kompakta, wakaondoka. Nikacheka kwa uchungu. Nimelipa laki mbili na nusu kukimbia vumbi, naletewa vumbi kwa gunia!

Ila... ilisaidia. Nasema kwa shingo upande. Shemeji anasema ni dawa inayojulikana, lami ikitoka jasho vumbi la kokoto linanyonya ule unato wa juu. Kwenye viatu haishiki tena. Stendi bado inazama mchana, lakini si mpaka kwenye maandishi ya penseli.

Na kwa kuwa nimeanza kusema kweli, kuna alama mbili karibu na mlango, zimejikunja kama nyusi, ambazo si zake. Shemeji aliniuliza, "Unageuza usukani gari likiwa limesimama?" Nikanyamaza. Akasema hata lami nzuri ya Lodwar, ikiwa mpya, magurudumu yakizunguka mahali pamoja mchana wa jua yanaichuna. Hizo nyusi ni zangu.

Kisha zikaja mvua, na hapa ndipo ninapojichanganya mwenyewe. Ile ya kwanza kubwa ilitoka ziwani usiku, ile ya radi na upepo wa kung'oa mabati. Nikaamka nikatazama dirishani kwa tochi. Maji yalikuwa yanateremka katikati ya lami, yanakunja kona, yanaingia mferejini. Yote. Pale pale mzee alipoyaelekeza na ndoo zake nne. Asubuhi nilikwenda getini na slipa za chumbani, nikarudi, nikatazama nyayo. Safi. Wiki hiyo mama mkwe alikuja kutoka Siaya, na fimbo yake na magoti yake, akatembea kutoka getini hadi mlangoni bila kubebwa na mtu. Mwaka uliotangulia wajukuu walimwingiza kwa kiti cha plastiki, wanne, kama spika wa bunge. Safari hii alisimama katikati, akagonga lami kwa fimbo, akasema kwa Kijaluo kuwa nyumba yangu sasa ina njia.

Nilishika simu nimpigie yule mtu nimshukuru. Kweli kabisa, jina lake lilikuwa limeshatokea kwenye kioo. Kisha nikamsikia tena masikioni: nani alikutuma. Nikairudisha simu mezani.

Tena kuna hiyo Lodwar. Siku alipokuja kudai salio dogo la mwisho (nililipa, msiniulize kwa nini) nilimwuliza aliweka lami sehemu gani ya Lodwar, kwa sababu shemeji angependa kwenda kuiona. Akakuna shingo. "Huko ndani ndani, Mwalimu." Nikawa Mwalimu tena! Lami ya shemeji mwenyewe iliwekwa na watu wengine. Sasa imekuwa ya kijivu, jua la jangwani limeikausha, ina nyufa kama za mkono wa mtu mzee, na inabidi ipakwe upya kabla laga, ule mto wa msimu, haijafurika na maji kuingia chini yake. Lakini haijawahi kumeza stendi ya mtu.

Basi nyota. Nilianza nikiwa na moja. Kwa mawe na maramu nimepandisha tatu. Kwa siku ile ya mama mkwe ningetoa nne na mkono usitetemeke. Kwa jerikeni nazirudisha mbili, na kwa simu ile narudisha zote zilizobaki, na kama kungekuwa na namna ya kumdai yeye nyota, ningemdai. Mkimwita, msimwite. Au mwiteni achimbe tu, kisha mumlipe aondoke kabla ya lori. Hapana, msimwite. Mzee wa reki siku hizi hayuko naye tena, anapanga kabro na mpwa wake, namba yake ninayo na nimeshampa jirani.

Wanaokuja kwangu kwa pikipiki, kando ya geti, mkono wa kushoto, kuna kigae cheupe kilichobaki tulipotengeneza bafu. Weka chini ya stendi. Ukimaliza kirudishe, maana cha kwanza kiliondoka na mtu wa maziwa.