Nyumba ya kukodi Shela, Lamu: likizo ya Agosti na familia

Naanza na bei maana ndiyo inayowatisha watu. Ukiiona peke yake utasema hii ni ya watalii tu. Lakini Shela nyumba hukodishwa nzima kwa usiku, si kwa kichwa, na mshahara wa mpishi na mtunza nyumba umo ndani ya hesabu hiyo. Tulikwenda familia tatu kutoka Mombasa, mabibi na watoto wote, na tulipogawana kila familia ililipa chini ya vyumba viwili vya hoteli ya kawaida Diani. Kisichomo ni chakula: pesa ya soko unatoa wewe. Agosti na Krismasi bei hupanda. Mwezi wa Mei, masika yakishika, nyumba nyingi hufungwa kabisa, wenyewe wakapiga chokaa na kuezeka makuti upya.

Gari mwisho wake ni Mokowe, bara, halafu boti. Wazee tuliwapandisha ndege, na uwanja uko kisiwa cha pili, Manda, kwa hiyo hata wao walivuka kwa boti. Shela yenyewe ni vichochoro vya mchanga, watu na punda. Mizigo yetu ilibebwa na mahamali. Mapatano ya bei yafanye pale pale gatini kabla sanduku halijainuliwa.

Nyumba ni ya ghorofa tatu, imejengwa kwa mtindo wa kale wa Kiamu: mawe ya matumbawe, kuta nene, zidaka za chokaa ukutani, dari la boriti za mikoko. Picha za wakala zilikuwa za kweli, ila picha haikuambii upana. Boriti ya mkoko haivuki mbali, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, kama ukumbi uliokatwa katikati. Ukishaweka kitanda cha samadari na chandarua chake, mtu mnene hupita ubavu. Mama mkwe alipewa chumba cha chini ili asipande ngazi, na ngazi za Lamu si mchezo: kila kidato kimo chake. Kule chini kuna kiza na ubaridi mzuri mchana, lakini upepo haufiki.

Upepo wote uko juu, chini ya paa la makuti. Agosti ni kusi, na kusi ya Shela haina adabu. Kitambaa cha meza tulikifunga kwa kamba, vikombe vya plastiki tuliviokota kwa jirani. Watoto walikataa vyumba, wakalala huko juu kwenye magodoro wakijifunika mablanketi, jambo ambalo kwa mtoto wa Mombasa ni sherehe tosha. Mimi usiku wa kwanza nilidhani mvua inanyesha, kumbe ni makuti yanapigana.

Sasa mpishi. Ukiniuliza nyumba ile inastahili nyota ngapi, nitakwambia nyumba ina tatu na nusu na mpishi ana tano. Mtu wa makamo, mpole, watoto walishamwita Ami kabla chai haijapoa. Kila asubuhi walimzonga: "Ami, leo tunakula nini?" Naye: "Ngojani boti ziingie kwanza, wanangu." Hakuwa na menyu. Siku ya changu tulikula changu wa kupaka, siku ya ngisi tulikula ngisi, na siku kamba mawe walipopatikana kwa bei ya watu alinipigia simu kutoka ufuoni aniulize kama achukue. Mimi na mawifi zangu tulijidai tutaingia jikoni tumwonyeshe mapishi ya Mombasa. Alitukaribisha kwa heshima zote, akatupa mbuzi na nazi sita tukune. Hatukurudi tena.

Jioni analeta daftari. Mistari yake niliipenda: nazi, ndimu, mkaa, samaki kilo ngapi, nauli ya boti kwenda sokoni Lamu mjini na kurudi. Kila kitu na bei yake, chenji imefungwa kwenye karatasi. Unalipa kwa M-Pesa au taslimu. Mkikodi nyumba yoyote kule, kabla ya kuuliza kama kuna bwawa la kuogelea, ulizeni nani anapika na amekaa hapo miaka mingapi.

Kasoro zipo. Maji ya bomba yana chumvichumvi, sabuni haitoi povu na nywele zinakuwa kama ufagio. Kisiwa hakina mto. Maji matamu yanatokana na mvua inayozama kwenye vilima vya mchanga nyuma ya Shela, na visima vya huko ndivyo vinavyonywesha mpaka Lamu mjini. Sasa tazama nyumba za likizo zinavyozidi kujengwa kuelekea vilima hivyo hivyo, kila moja na mabafu manne na bwawa. Wenyeji wanalalamikia jambo hili waziwazi, na mimi niliyekuja kuoga mara tatu kwa siku sikuwa na la kuwajibu. Maji ya kunywa tulinunua. Umeme ulikatika mara kwa mara. Betri za akiba ziliwasha taa, hazikusukuma feni.

Hayo yote ningeyasamehe. Lililonikera ni ujenzi wa jirani. Wakala, ambaye yuko Nairobi, aliandika "eneo tulivu". Utulivu wenyewe: saa kumi na mbili na nusu asubuhi punda wanaingia kichochoroni na mifuko ya mchanga na kokoto, halafu mafundi wanaanza kuchonga mawe, kwa, kwa, kwa, hadi alasiri. Mafundi hawana kosa, ni watu waungwana, sabalkheri zao haziishi, na kazi ya kuchonga jiwe la matumbawe kwa shoka ni tamu kuitazama kwa dakika kumi. Lakini mtoto mchanga hakulala mchana hata mara moja. Nilipomwandikia wakala alijibu kwamba kiwanja si chake. Tukavutana kwenye WhatsApp, akarudisha sehemu ya amana. Msingi ule haukuchimbwa wiki ile, alijua. Ukiandikiana na wakala, muulize waziwazi kama kuna ujenzi ukuta kwa ukuta, na jibu lake lihifadhi.

Ufuo ni dakika chache kwa miguu. Kuna pande mbili, na tofauti yake ni kubwa. Upande wa mkondo, ukitazama Manda, maji yametulia na watoto wanaweza kuchezea ukingoni. Ukipinda kona ukaingia ufuo mrefu unaotazama bahari kuu, msimu wa kusi mawimbi ni makali na maji yanavuta; huko tulitembea tu. Kwenda Lamu mjini unaweza kufuata pwani kwa mguu maji yakiwa yamekupwa, kitu cha dakika arubaini na tano kwa mwendo wa wazee. Bamvua likijaa njia inamezwa, utapanda boti upende usipende.

Mtunza nyumba alitutafutia nahodha wa kutupeleka Takwa, magofu ya mji ulioachwa karne ya 17 huko Manda. Unaingia kwa mkono wa bahari katikati ya mikoko, na mlango huo unafunguka kwa maji kujaa tu. Nahodha alitupa saa ya kuondoka, na bibi mmoja alipotaka kupumzika zaidi chini ya mbuyu aliambiwa kwa upole, "Mama, sisi tunakwenda na maji." Tuliondoka mashua ikigusa tope.

Mji ni wa Kiislamu na msikiti wa Ijumaa, wenye mnara wa mwaka 1829, uko karibu; adhana ya alfajiri mtaisikia. Kwetu ilikuwa kama nyumbani. Kwa wageni wengine: nguo za ufuoni zibaki ufuoni.

Tulitaka kuiweka tena nyumba hiyo hiyo kwa Februari, kaskazi ikiwa imetulia na bei imeshuka baada ya Krismasi. Nimempigia mtunza nyumba kumuuliza jirani amefika wapi. Wamepandisha boriti za ghorofa ya kwanza, na ramani ni ya ghorofa tatu. Nimemwambia atutafutie nyumba nyingine, ila huyo mpishi aje naye.